Barua ya wazi: kusi ishaingia, tufungulieni majeti tuvue

Kwa wakubwa wote mnaohusika na uvuvi, ufuo, majeti (magati ya boti) na bustani za baharini, Mombasa, Kilifi na Kwale,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mimi ni mtu wa mshipi. Sina boti, sina mtumbwi, navua kwa kusimama tu, ukutani, kwenye jabali, chini ya daraja, popote maji yanapokaribia miguu na hakuna mtu wa kunifukuza. Tuko wengi, mwatuona mkipita na magari yenu. Wengine ni vijana wa mjengo ambao kazi imekatika, wengine wazee waliostaafu, wengine watoto wa shule siku ya Jumamosi, na wengine kama mimi tuna vibarua vyetu mchana lakini kitoweo cha nyumbani chategemea mshipi.

Nimeamua kuandika hapa wazi manake barua ya bahasha sijui niipeleke mlango gani. Mlango mmoja wakuambia jeti si yetu, mlango wa pili wakuambia samaki si wetu, wa tatu wakuambia rudi Jumatatu. Sasa nyote someni pamoja mwambiane wenyewe.

Ombi langu ni hili: miezi hii ya kusi, kuanzia mwezi wa nne hadi wa tisa, tufungulieni majeti na kuta zilizo sehemu tulivu, hasa ndani ya kriki, yaani mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu, na mfungue kwa kufuata maji sio kwa kufuata saa za ofisi. Yote nitakayoandika chini yanazunguka hapo hapo.

Kwa wale mlioletwa huku na kazi kutoka bara, wacha nieleze kidogo, na wenyeji mnivumilie. Bahari yetu ina pepo mbili. Kaskazi ni kama mwezi wa kumi na mbili hadi wa tatu, bahari inakuwa shwari, maji safi, joto, kila chombo kiko nje. Halafu kuna kipindi cha katikati, upepo hauna kauli. Kisha inakuja kusi, upepo unapiga kutoka kusini mashariki, mwezi wa sita na wa saba ndio mkali, wimbi linapasuka kwenye mwamba na ukisimama Nyali usiku unalisikia. Mvua za masika nazo zimeshamwaga tope kwenye kriki. Mwenye ngalawa ama dau dogo hatoki nje ya mwamba, akitoka ni roho yake. Ndio wakati watu wanapandisha vyombo mchangani, wanakalafati, wanashona nyavu, wanakopa duka.

Na watalii pia hawapo. Zile boti kubwa za Watamu na Malindi za kufukuzia nduaro na sulisuli zinapumzika, hoteli kadhaa zinafunga kabisa mwezi wa tano na wa sita kupiga rangi. Kwa hivo mwezi wa sita ukipita pembeni ya kriki utaona jeti moja baada ya nyingine haina boti, haina mgeni, hakuna kitu, iko tu imelala na askari mmoja kwenye kiti cha plastiki na kazi yake kubwa siku nzima ni kumwambia mtu wa mshipi "toka hapo". Hapo ndipo mimi huwa sielewi. Jeti ikiwa na kazi, na boti zinaingia na kutoka, sawa, ndoana na abiria havikai pamoja, hata mimi singetaka mtoto wangu achomwe. Lakini ikiwa tupu twamzuilia nani?

Mtasema usalama. Sawa, tuongee usalama, manake hili ndilo linaloniuma kushinda yote.

Mkituondoa kwenye jeti hatuendi nyumbani kulala. Njaa haiambiwi geti limefungwa. Tunaenda pale pasipo na askari, na pasipo na askari ni pale pabaya, kule chini ya majabali ya upande wa bahari kuu, laitihausi na kwengineko, jabali la matumbawe lenye makali kama msumeno, limeota mwani unateleza, na wimbi la kusi halina adabu, laja dogo dogo dogo unasahau, kisha laja moja kubwa linapanda hadi kifuani. Mtu akianguka hapo hakuna ngazi, hakuna boya, hakuna taa, na kumtoa ni hadi aogelee hadi penye mchanga na viatu na nguo. Ilhali ndani ya kriki ya Tudor ama Mtwapa ama Kilifi maji yametulia hata upepo ukiwa mkali namna gani. Mtu mzima na akili zake akipewa achague atavua wapi? Mumetufungia pa salama kwa sababu ya usalama, tukaenda pa hatari, na huko hamna habari na sisi.

Sasa nije kwa habari ya saa, na hapa naomba msome polepole kwa sababu nimegundua watu wengi wanaopanga hizi ratiba za mageti hawajawahi kuangalia maji.

Samaki wa ukutani hafuati jua, anafuata maji. Maji yakianza kujaa, changu na chaa wanapanda nayo kuja kutafuta chakula kwenye nguzo na kwenye mawe, kolekole anakuja nyuma akiwafukuza samaki wadogo, simu na dagaa, na ule muda wa kujaa hadi maji yanapoanza kugeuka ndio muda wa kuvua. Yakishapwa unaweza kukaa hadi uote mizizi. Hapa kwetu wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiandama na mwezi mpevu, maji yanaweza kupanda na kushuka zaidi ya mita 3, si mchezo, jeti ileile ambayo asubuhi imesimama kwenye tope alasiri ina maji ya kina. Na bamvua ya Mombasa ina tabia yake haibadiliki, inajaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, halafu kila siku inachelewa kama dakika 50 hivi, kesho karibu saa kumi na moja, kesho kutwa inakaribia saa kumi na mbili, hadi ikifika maji mafu kujaa kwake kumehamia saa nne, saa tano, na hapo maji yenyewe hayana nguvu hata hayasogezi chubwi, yaani ule uzito wa kuzamisha mshipi.

Haya, chukueni geti linalofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni mliweke juu ya hayo maji. Bamvua ya alfajiri yote imepita geti limefungwa. Bamvua ya jioni siku ya kwanza unapata, ingawa ndio saa ya wapenzi na wapiga picha na kila mtu yuko juu ya jeti, siku ya pili unapata nusu, siku ya tatu ndio samaki anaanza kula vizuri na askari anapiga filimbi. Kisha yale maji mafu ya saa nne asubuhi, ambayo hayana kitu, hayo ndiyo mumetufungulia wazi kabisa! Yaani mtu angekaa chini apange ratiba ya kuhakikisha hatupati samaki asingefanya vizuri zaidi.

Na dawa yake si ngumu wala si ghali. Mamlaka ya Bandari inachapisha jedwali la maji kila mwaka, kujaa na kupwa kwa kila siku, na saa na mita zake. Chukueni hilo jedwali, chagueni zile siku za bamvua, semeni siku hizi geti litafunguliwa saa tisa usiku hadi saa moja asubuhi kwa watu wa mshipi, na jioni litafungwa saa tatu. Bandikeni kwenye ubao getini. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi, kila moja tuseme siku nne tano. Hatujaomba kila siku. Askari wa usiku tayari yuko pale analinda, tena akiwa na watu kumi wenye tochi hatasinzia kama mwanzo.

Taa nazo. Jeti nyingi zina taa zimezimwa msimu wa chini kuokoa stima, naelewa bili, lakini taa moja ya mwisho wa jeti ikiwaka inaleta ngisi na dagaa, na ngisi akija kila kitu kinakuja nyuma yake. Ni taa moja tu. Hata ya sola.

Kuhusu sheria, hapa naomba mtusaidie kabisa kabisa, manake kila askari ana sheria yake. Kuna mmoja, na sisemi wa wapi, alinyang'anya kijana mshipi wake akasema ati nailoni imepigwa marufuku Kenya. Jamani! Kilichopigwa marufuku ni nyavu za nailoni, zile za uzi mmoja, na sababu yajulikana, zinakamata kila kitu na zikipotea zinaendelea kuua. Mshipi wa mkono wenye ndoana moja au mbili si nyavu. Juya, ule wavu wa kukokota, limekatazwa sawa, bunduki ya mishale sawa, sumu ndio kabisa, hakuna mtu wa mshipi anatetea hayo, tena sisi ndio tunaoumia wa kwanza juya likipita mbele yetu likakomba hadi vitoto vya samaki. Mshipi ndio uvuvi mpole kuliko wote, ukipata kidogo unakirudisha majini kiko hai.

Halafu leseni. Kuna leseni ya mvuvi wa chombo, kuna ya uvuvi wa michezo ya wale wa boti za sulisuli, mimi nimesimama ukutani na chupa ya plastiki niliyozungushia nailoni na plagi mbovu ya gari ndio chubwi, niko kundi gani? Kama natakiwa kulipa semeni. Najua wenzangu watanikasirikia kwa hili, wengi wanataka bure, lakini mimi naona heri tulipe kitu kidogo kinachojulikana, kwa siku ama kwa msimu, kwa M-Pesa, upate meseji ya risiti uonyeshe getini, kuliko hii ya sasa ya kumpigia askari saluti na kumwachia changu wawili kwenye ndoo. Hiyo pia ni ada, tofauti ni kuwa haifiki kwenu. Watoto wa shule na wazee wasilipe.

Na BMU za ufuoni, zile kamati za wavuvi, nyingi zinahesabu wenye vyombo na wenye nyavu na wachuuzi. Mtu wa miguu hayumo. Tuingizeni tuhesabiwe, hata kama ni daftari tu la majina, ndipo siku moja mtu akizama mjue ni nani na kwao ni wapi.

Hatuombi kuvua ndani ya park za baharini, naomba lieleweke hili kabla mtu hajaanza. Park ya Malindi na ya Watamu ziko tangu 1968, ya Mombasa tangu 1986, ndani ya park hakuna kuvua, twajua na twakubali, samaki wanazaliana humo kisha wanatoka nje tunawapata. Ila mpaka wa park na ile sehemu ya hifadhi ambayo uvuvi wa kienyeji unaruhusiwa, mtu akiwa majini anaweza kuona maboya lakini akiwa amesimama ufuoni anakisia. Wekeni kibao cha Kiswahili: hapa vua, kuanzia hapa usivue. Basi.

Na kuna jambo la katiba ambalo huwa naliweka mfukoni limekunjwa kwa ajili ya wale wa mahoteli. Kipengele cha 62 cha katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Yaani mchanga ule unaolowa na kukauka kila siku si wa mwenye hoteli, si wa mwenye villa, si wa mtu. Sasa jeti ya mbao mwenyewe kaijenga kwa pesa zake sawa, sitaki kugombana juu ya mbao zake, ila pale chini na pembeni, penye maji kujaa na kupwa, hakuna haki ya kuweka mbwa. Na njia za kufikia ufuo zilizozibwa na ukuta, hizo nyinyi mwazijua kuliko mimi, ramani ziko kwenu. Njia moja ikifunguliwa kila baada ya kilomita kadhaa hatutahitaji hata hizo jeti zao.

Niwaambie pia kwa nini hii si habari ya burudani tu. Kusi ikiingia samaki anapanda bei sokoni kila mtu anajua. Mama karanga aliyezoea kununua kwa mvuvi wa ngalawa anaamka anaenda kuchukua samaki wa barafu wa kutoka nje, kwenye katoni, anakaanga huyo huyo, watu wanakula wanalalamika lakini watafanyaje. Sisi watu wa ukutani hatuwezi kulisha Mombasa, nisiwadanganye, ndoo zetu ni ndogo. Lakini changu kadhaa, tafi wawili watatu, siku ya bahati tengesi mmoja, hiyo ni chakula cha nyumba na kinachobaki anauziwa mama karanga wa mtaani, na hiyo hela haijapita kwa dalali wala kwa friji ya mtu. Mwaka 2018 kulifanyika mkutano mkubwa Nairobi wa uchumi wa baharini, tukasikia hotuba nzuri sana, na tangu hapo kila kiongozi akija Pwani ana neno hilo mdomoni. Mimi nasema mwezi wa saba, upepo ukiwa umefunga kila chombo, uchumi wa baharini wa mtu wa chini ni huyo kijana na chupa yake ya nailoni, na mumemfungia geti.

Sisi nasi tuna makosa yetu, sitaficha. Kuna wenzetu wanatupa nailoni iliyojifunga fundo hapo hapo, kasa wanaimeza, ndege zinafungwa miguu, na mtu anayetembea pekupeku anachomwa na ndoana. Kuna wanaoacha vichwa vya kamba na matumbo ya samaki juu ya jeti hadi nzi wanajaa, kisha wanashangaa kufukuzwa. Hao mimi huwaambia usoni. Tupeni kipande cha bomba la plastiki kilichofungwa kwenye nguzo, kizibo chini, cha kutupia nyuzi, na ndoo moja ya maji ya kumwagia, na tutachagua wenyewe watu wa kusimamia kila jeti. Jeti ikikutwa chafu fungeni wiki nzima, wenyewe kwa wenyewe tutatiana adabu.

Vitu vingine ni vidogo. Boya la kuokolea lenye kamba kwenye kila jeti na ukuta. Ngazi ya chuma hata moja. Namba ya Coast Guard, ambao wapo kisheria tangu 2018, iandikwe kwa rangi kubwa mahali inaposomeka usiku. Na ubao wenye picha ya bunju, yule samaki anayejivimbisha, kwa sababu bunju anakula chambo kuliko samaki yeyote na watoto wanamvua wanaenda naye nyumbani wakidhani ni nyama, ilhali bunju ana sumu ya kuua mtu na kuchemsha hakuitoi. Picha moja tu na maandishi "usile", itasaidia zaidi ya semina.

Msiniambie haiwezekani kubadilisha kitu kilichozoeleka baharini. Tuta la Makupa, la kuingilia kisiwa cha Mombasa, lilikaa tangu 1929 limeziba maji yasipite, na bado likaondolewa, daraja likafunguliwa 2022 na maji sasa yanapita chini yake. Ile ilikuwa mabilioni na miaka. Hii yangu ni ufunguo wa geti, na ubao, na maboya.

Kama mwaona ni kubwa sana kuanza kote, basi anzeni na jeti moja ya serikali ndani ya kriki moja, mchague nyinyi ipi, kwa bamvua mbili za mwezi mmoja. Mkiona fujo fungeni na mimi nitakuja kuandika hapa hapa kwamba mlikuwa na haki. Jibu lenu libandikwe getini ama msome redioni, wengi wetu barua pepe hatufungui. Ila lije mapema, manake likija mwezi wa kumi kusi itakuwa imeisha, ngalawa zishatoka, majeti yashajaa wageni, na sitakuwa na haja ya kuwasumbua tena hadi mwezi wa nne.

Wenu,
Mtu wa mshipi, Mombasa